Mashine Isiyosahau na Sweta la Baba

Jumatatu, 6 Septemba 1999

Umeme umerudi saa tatu. Nimepiga namba ya intaneti kule Kigali, modemu ikalia kama kuku aliyeshikwa mguu, ikakata. Mara ya tatu ikashika. Wateja sita kabla ya mchana. Barua mbili za taipureta, fotokopi za vitambulisho, waliobaki imeli.

Zile pete tena. Mteja kafungua habari za mpira, juu ya ukurasa tangazo la pete za ndoa. Mwingine kafungua bei ya kahawa. Pete. Mbili mbili, za dhahabu, juu ya kitambaa chekundu. Wiki ya pili sasa. Mama Mariamu, aliyerudi kutoka Goma, ng'ambo ya mpaka, na mzigo wake wa vitenge, kanicheka mbele ya watu wote. "Spesi, mashine yako inatafuta bwana, ama ni we?"

Nina miaka arobaini na moja na sina mume. Nimecheka pia. Ningefanya nini kingine?

Wateja wangu wa imeli wa kudumu ni watano. Kila mmoja ana sanduku lake la barua katika ukurasa wake tofauti, na kila mmoja nimemwekea alama pale panapoandikwa "nikumbuke". Laini inakatika kila dakika kumi. Nani atakaa anaandika neno la siri upya mara tano? Hivi, ukifungua ukurasa wako tu, umeingia. Nimebuni mwenyewe, na Kigali kwenyewe sijaona mwenye akili hii. Najisifu, hakuna anayesoma.

Jumanne, 7 Septemba

Siku ya Baba. Jumanne na Ijumaa anashuka kutoka Rugerero kwa miguu, anafika saa nane kamili, anakunywa chai yangu na kusema haina sukari. Ina vijiko vitatu.

Amekuja na sweta lake la kijivu. Kiwiko cha kushoto kimeachia tena. Nimemwambia alivue nilishone, akasema baridi. Hakuna baridi. Sweta hilo halimtoki mwilini tangu uhamishoni Karagwe, kabla hatujarudi nyumbani. Kalifuma Mama. Ndilo pekee lililobaki la mikono yake, kwa hiyo simgombezi sana.

Amekaa kwenye mashine, akageuza kioo kuelekea ukutani, akaandika kwa kidole kimoja muda wa saa nzima. Mzee wa kanisa, miaka sitini na saba, anaficha kioo kama mwanafunzi anayeogopa kuibiwa majibu ya mtihani. Nampenda mpaka nataka kumfinya.

Alipoondoka aliuliza kama mashine itakuwa nzima Ijumaa ya tarehe kumi na saba. Nikamuuliza kuna nini. "Kuna mtu lazima nimjibu kabla siku hiyo haijaisha. Nikichelewa, basi." Akavaa kofia. Sikupata zaidi ya hapo.

Alhamisi, 9 Septemba

Godfrey fundi amekuja kurekebisha printa. Yeye alikulia Kampala, Kiswahili chake nusu Kiingereza, lakini mashine zinamsikia. Nimemwonyesha pete.

Akacheka mpaka akakaa chini. "Sister, hiyo ni kuki. Very simple."

Si rahisi hata kidogo, lakini naandika nilivyoelewa. Ukifungua ukurasa, ukurasa unaacha kikaratasi ndani ya mashine yako. Kidogo, kina namba tu. Siku ukirudi, ukurasa unasoma kile kikaratasi na kusema, aa, ni yule wa juzi. Ndivyo masanduku ya wateja wangu yanavyowakumbuka. Hapo sawa. Lakini wenye matangazo nao wanaacha vyao, na tangazo lao liko kwenye kurasa mia. Kwa hiyo wanakufuata. Kwenye mpira wapo, kwenye kahawa wapo. Mtu mmoja alitazama pete kwenye mashine hii, wakaandika: hapa kuna mtu wa pete.

Watu wanakuja kwangu na mambo yao. Mmoja anasoma habari za ugonjwa wa sukari, mwingine anaandikia mtoto aliyemkimbia. Mimi nafunga mlango, nashusha pazia, najiona mwenye siri za mji mzima. Kumbe ndani ya mashine kuna mtu amekaa anaandika.

Godfrey kanionyesha kabati la hivyo vikaratasi. Mamia. Majina ya kurasa ambazo sijawahi kuzisikia. Kila kimoja na siku yake na saa yake. Nimetafuta vya pete.

Jumanne, saa nane na nusu. Ijumaa, saa tisa kasoro robo. Jumanne, saa nane na dakika arobaini.

Nimefunga kabati haraka. Godfrey hakuona, alikuwa na printa.

Ijumaa, 10 Septemba

Baba amekuja. Chai haina sukari. Nimemtazama mgongo wake saa nzima. Masikio yale makubwa. Pete!

Sijauliza. Haiulizwi. Kwetu mzazi ndiye anayeketisha watoto, anasema nina neno, wanasikiliza. Mtoto hamvuti mzazi ulimi. Na mimi nimejuaje? Kwa kuchungulia. Hata kama sikukusudia.

Nina hasira. Nina kicheko. Nina wivu pia, niandike ukweli. Tangu Mama afe nimezoea kuwa wa kwanza kwake. Nani huyo? Yuko Rugerero? Ni yule mjane wa kwaya mwenye sauti ya mbuzi?

Jumatatu, 13 Septemba

Siku mbaya.

Laini ilikuwa nzuri, chumba kimejaa. Mama Mariamu akataka imeli ya kaka yake aliyeko Antwerp. Nilikuwa na mtu wa fotokopi, nikamwambia fungua mwenyewe, bonyeza jina la ukurasa wako kwenye orodha. Akabonyeza la chini yake. La Baba.

Mashine ikamkaribisha vizuri sana. *Karibu tena, Augustin.* Ndio wema wangu ule niliojisifia.

Na Mama Mariamu, ambaye hajawahi kusoma kitu kimyakimya maishani, akasoma kwa sauti: "'Hapa Bukoba nasubiri neno lako mpaka Ijumaa.' Eh! Mana we! Ni ya nani hii? Muzee Augustin? Iko mutu Bukoba anamungojea muzee?"

Watu saba chumbani. Nimeruka, nimeng'oa waya wa simu ukutani. Kioo kimebaki na maneno yale yale, nikakifunika kwa khanga yangu. Ndivyo nilivyofanya, nimeifunika kompyuta kama maiti.

Mama Mariamu akashika mdomo.

Najua mji huu. Habari ikipanda basi la Rubona asubuhi, jioni iko kiwanda cha bia, kesho yake iko Rugerero kanisani. Baba akisikia watu wanamcheka ataachana na hilo jambo siku hiyo hiyo. Namjua. Hatasema neno. Atasema tu kuwa amechoka kushuka mjini, basi, na huyo mtu wa Bukoba atasubiri Ijumaa yake bure.

Mchana nimefunga duka. Nimefungua lile kabati, nimechagua vikaratasi vyote, nimefuta. Vyote. Halafu nimeiamuru mashine iniulize kila kikaratasi kinapotaka kuingia. Godfrey alinionyesha pa kubonyeza. Nimefuta kioo kwa kitambaa pia, ingawa hakisaidii kitu.

Nimetulia. Sasa hata mimi sijui nani aliingia wapi.

Jumanne, 14 Septemba

Asubuhi wateja wananilalamikia. Ukurasa mmoja, maswali kumi na manne: unakubali kikaratasi? Unakubali? Unakubali? Mwalimu wa Nyakiriba amebonyeza hapana, hapana, hapana, mpaka ukurasa wenyewe ukakataa kufunguka. Pete zimekwisha, lakini. Sasa ni tangazo la ndege za kwenda mahali pasipojulikana.

Saa nane Baba.

Kakaa, kageuza kioo. Halafu akaniita. Hajawahi kuniita.

Ukurasa ulikuwa unamwomba neno la siri. Hana. Aliliandika mara moja tu, mwezi wa tatu, siku aliyofungua sanduku. Tangu hapo mashine ilimkumbuka. Alidhani neno la siri ni kitu cha siku ya kwanza, kama ubatizo.

Amejaribu jina lake. Mwaka wake wa kuzaliwa. Jina la ng'ombe wa babu. Hapana, hapana, hapana.

Nimemwambia ukweli, kwamba nimefuta mimi. Sikumwambia kwa nini. Hakunigombeza. Angenigombeza ningeona nafuu. Ameinuka, chai hajaimaliza, akasema, "Si kitu, mwanangu. Labda ndivyo ilivyopangwa." Akaondoka huku shati linaonekana kiwikoni.

Zimebaki siku tatu. Anwani ya huyo mtu imo ndani ya sanduku, ni ya ofisi fulani anakoazima mashine, Baba hakuinakili popote. Simu huyo mtu hana. Barua ya posta kwenda Bukoba, wiki mbili ukibahatika.

Nimelia chooni, nimenawa, nimerudi kupiga chapa barua ya mtu anayeomba kazi.

Jumatano, 15 Septemba

Godfrey anasema kuna njia. Siku ya kufungua sanduku, ukurasa unakwambia uandike swali lako na jibu lako. Ukipoteza neno la siri, unaulizwa swali. Ukijibu, unaingia na kuweka neno jipya. Mara tatu tu. Ukikosea ya tatu, sanduku linafungwa wiki nzima.

Ningemtuma mtu kumwita Baba. Hilo ndilo lilikuwa jambo la kufanya. Badala yake, Godfrey alipoondoka nimefunga mlango, nimekaa mimi, nimeandika anwani ya Baba.

Nimejiambia namsaidia. Uongo. Nilitaka kuona.

Swali likatokea, kwa Kiswahili, kama alivyoliandika kwa kidole chake:

*Nani alimaliza mikono ya sweta?*

Nimefurahi mpaka machozi. Mama! Kamweka Mama mlangoni! Nimeandika jina lake, Immaculata. Kioo kikasema hapana. Nikafikiri, ameandika lile la nyumbani, alilokuwa akimwita wakipatana. Nimeandika Maku.

Hapana. Umebakiza mara moja.

Nimekaa pale sijui muda gani. Mtu amegonga mlango, sikufungua.

Mwaka ule Mama anakufa nilikuwa nafundisha Mwanza. Nilikwenda mazishini Karagwe siku nne, nikarudi. Kwenye kapu lake nilikuta sufu ya kijivu na sindano, kazi imeanzwa. Nilipokuja likizo mwaka uliofuata, Baba amevaa sweta. Sikuuliza. Niliona tu kijivu, nikajua. Nilidhani najua.

Kumbe nimekaa miaka mitano nashona kiwiko cha mtu nisiyemjua.

Naona uchungu. Naona aibu zaidi. Mimi niliyefunika kompyuta kwa khanga, niliyeng'oa waya, ndiye mwizi wa kwanza kujaribu kufungua. Wale wa matangazo hawamjui Baba hata sura. Mimi namjua, na bado.

Alhamisi, 16 Septemba

Nimepanda Rugerero asubuhi. Nimemkuta anachambua maharage ugani. Nimeongea nimesimama, nisije nikakosa nguvu. Kwamba masanduku yalikuwa wazi kwa sababu yangu. Kwamba Mama Mariamu alisoma mstari mmoja, na watu saba walisikia. Kwamba nilifuta kumlinda, nikamfungia nje. Kwamba jana nimejaribu kuingia kwa jina la Mama mara mbili, na imebaki moja.

Aliendelea kuchambua maharage. Alitupa jiwe moja, akatupa lingine.

"Kesho saa nane," akasema. "Usiweke watu."

Basi. Hata karibu ukae hakusema. Nimeshuka mlima na viatu vinanibana, na sikujua kama nimempoteza au la.

Mlangoni pa duka nimemkuta Mama Mariamu ameketi juu ya ndoo, na sambaza, dagaa wa ziwa letu, wa kukaanga kwenye gazeti. Kasubiri tangu asubuhi, mzigo wake Goma umelala. "Mi niko na kinywa kubwa, Spesi, unajua. Lakini ile ya muzee sikuisemea mutu. Na bale bengine nimebaambia, atakayesema, mi nitasema yake. Na ya kila mutu nayajua." Kisha akaapa kwa Mungu, akanipa samaki.

Nimemkumbatia. Ananuka mafuta na vitenge vipya. Tumekula wote hapo hapo kizingitini, bila kunawa.

Ijumaa, 17 Septemba

Saa saba nimetundika ubao: Pamefungwa. Saa nane kasoro umeme umekatika. Nimeomba watakatifu wote ninaowajua na wawili ambao sina hakika nao. Saa nane na robo umerudi.

Baba alikuwa amekaa tayari kwenye giza, kofia magotini.

Laini imekataa mara nne. Ya tano imeshika. Nimemfungulia mpaka lilipotokea swali, nimetoka nje, nimempa mgongo. Nimetazama barabara. Wanajeshi wawili, mbuzi, mwanamke mwenye beseni la nyanya. Nimehesabu nyanya zake.

Kubonyeza kwa kidole kimoja. Tap. Kimya. Tap.

"Spesiosa."

Jina zima. Nimesema kwamba nasikia kutoka nje, sina haja ya kuingia.

"Ingia. Nimeogopa kukosea. Soma kama nimeandika sawa kabla sijabonyeza."

Nikamwambia, Baba, si lazima nijue. Nitafumba macho, nitabonyeza tu.

"Nimekaa miezi sita nageuza kioo," akasema. "Shingo inaniuma. Njoo."

*Theresia.*

Sawa, Baba. Limeandikwa sawa. Amebonyeza mwenyewe. Na sanduku likafunguka, barua tisa, zote za mtu mmoja.

Theresia namkumbuka. Jirani wa nyumba ya pili kule Karagwe, mjane, mtulivu, mikono mirefu. Ndiye aliyemwogesha Mama miezi ile yote wakati mimi niko Mwanza nasahihisha madaftari. Kwa nini sikumfikiria? Kwa sababu alikuwa wa kimya, na mimi nilikuwa na haraka ya kurudi.

Baba ameniambia yote, macho kwenye kioo. Mama alifuma mbele na nyuma. Mikono hakuweza tena. Alimwita Theresia kitandani, akampa kapu, akamwambia, huyu mzee atapata baridi, mmalizie. Wala hakusema zaidi. Theresia alimaliza mikono baada ya mazishi, akaleta, akarudi kwake. Miaka yote hiyo hawakusema neno. Mwaka huu, huko Bukoba anakoishi sasa, kapata mahali pa imeli, kapewa anwani ya Baba na watu wa Karagwe, kakumbuka, kaandika kuuliza kama sweta lipo bado.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia sweta lile.

"Ulikuwa unalishona kwa mapenzi sana," akasema. "Nilikosa pa kuanzia."

Mtoto wa Theresia anataka kumhamishia Dar es Salaam. Gari ni Jumamosi. Kama Baba ana neno, aseme kabla. Baba ameandika mistari miwili, amechukua dakika ishirini. Sikusoma, nilikuwa nachemsha chai. Ametuma. Laini imekata sekunde ile ile, tukatazamana. Nikapiga tena. Kwenye orodha ya zilizotumwa, ipo.

"Nimemwambia aje," akasema. Halafu, "Kama hujakataa."

Sijakataa. Nimemwambia pete za kwenye tangazo zilikuwa mbaya, aende kwa sonara wa Goma. Amecheka mpaka kofia imeanguka. Hakujua kwamba mashine ilimsema kwa wateja wote wiki mbili.

Ameweka neno jipya la siri, mimi nikiwa nimetazama ukuta. Ameliandika kichwani tu. Nimeondoa ile alama ya "nikumbuke". Jumatatu nitaondoa ya kila mteja, na watanung'unika, na nitawafundisha mmoja mmoja. Maswali kumi na manne nimeyazima. Badala yake, kila anapoondoka mtu nitafuta vikaratasi vyake, kama ninavyofuta meza.

Chai ilikuwa na vijiko vitatu. Amesema leo ina sukari.

Jumapili, 19 Septemba

Mvua tangu misa. Ziwa halionekani.

Jibu lilikuja jana. Baba amelisoma peke yake, akalifunga, akasema, "Atakuja," akavua sweta bila kuambiwa, akaliacha juu ya kiti nilishone. Amerudi Rugerero na koti langu la mvua.

Nimelipindua mchana huu dirishani, ndani nje. Kumbe inaonekana, ukitazama. Kifuani nyuzi zimekazwa, Mama alikuwa anakaza kila kitu. Chini ya kwapa kuna mshono, na kuanzia hapo zinalegea kidogo, zinapumua. Nimepitisha kidole pale mara nyingi.

Sufu yangu haifanani sana na ya zamani. Nimetumia hiyo hiyo.

Kiwiko ni cha Theresia. Nimekishona miaka mitano bila kujua, na nimekishona vizuri.